Mshenga Asiye na Mshenga

Bahizire Mushagalusa Déogratias. Mwana wa Koplo Mushagalusa, aliyetembea kwa miguu na jeshi la Wabelgiji mpaka Abisinia kuwafukuza Waitaliano. Mjukuu wa mfua vyuma wa Walungu, ambaye majembe yake yalilima vilima vyote vinavyoonekana kutoka misheni. Yeye mwenyewe fundi wa vitanda pale Kadutu, Bukavu. Mtu aliyembeba mke wake mgongoni vita vilipotukuta Uvira, na hakumweka chini mpaka kwenye maji ya ziwa. Mjenzi wa kanisa la udongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na juu ya hayo yote, mshenga. Kwa sifa hizo tulimzika katika makaburi ya Rookwood, huku Sydney, mwezi wa pili wa mwaka 2022, na barakoa usoni.

Mke wake alikuwa Cécile, dada yangu mkubwa, aliyebaki katika udongo wa Kigoma. Mimi ni Faida, shemeji yake. Nayaandika haya ili wajukuu wake wakiulizwa babu yenu alikuwa nani, wasijibu kwamba alikuwa mzee aliyevunjika nyonga.

Kwetu mtu hajisemei. Kijana akitaka mke, baba yake haendi kwa watu kusema shida yake. Wazazi wa pande zote wanakaa kama waliokatwa ulimi, na maneno yanabebwa na mshenga. Bahizire alikuwa na fimbo ya mti mweusi aliyoichonga mwenyewe. Akiingia mahali pa posa anaigonga sakafuni, na tangu hapo hakuna mwingine wa upande wake anayefungua mdomo. Aliweza kuyasema mambo ambayo wenyewe wangekufa kwa aibu kuyataja: kwamba familia haina kitu, kwamba kijana ana mtoto nje, kwamba bibi arusi tumbo limeshaanza kuonekana. Anayasema, watu wanacheka, ndoa inafungwa. Hapa Sydney aliwaozesha watoto wetu karibu wote. Hata Mluo mmoja, Mzee Owuor, alikuja kumwazima kwa posa ya mwanawe, akarudi akisimulia kwamba huyu Mkongo wenu amewachekesha wakwe mpaka wakasahau ng'ombe.

Walifika Sydney mwaka 2013: yeye, mwanawe Trésor, Clarisse mke wa Trésor, na watoto. Sitakuwa mtu wa kula kisha kutukana sahani. Serikali ya hapa ilitupokea uwanja wa ndege na makoti mkononi. Jicho la Bahizire, lililokuwa limezibwa na mtoto wa jicho tangu kambini, walilifungua bila kumwuliza ana nini mfukoni. Alipewa pensheni, yeye ambaye hakuwahi kuipigilia nchi hii hata msumari mmoja. Watoto walisoma. Na alipewa nyumba ya serikali, Smithfield, nyumba ndogo ya vyumba vitatu yenye kuta nyembamba kama biskuti na bustani kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja mzungu, Noreen, ambaye ameishi katika mtaa ule tangu akiwa msichana. Noreen ndiye aliyemweleza, Clarisse akitafsiri juu ya ua, nyumba zile zilitoka wapi. Vita vikubwa vya Hitla na Wajapani vilipokwisha, askari walirudi wakakuta hakuna pa kulala. Baba yake Noreen alirudi kutoka Papua akiwa na malaria, wakaishi katika banda la gari la mtu, watoto wanne na mama. Ndipo serikali ikasema kwamba waliopigania nchi hawawezi kulala kwenye mabanda, ikajenga mitaa mizima. Ikasema pia mjane atapewa fungu lake, mzee atapewa lake, asiye na kazi atapewa lake, na hakuna atakayetupwa. Noreen alisema siku waliyoingia, mama yake alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka, akaketi sakafuni akalia.

Bahizire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Clarisse atafsiri vizuri.

"Mwambie baba yangu alikuwa koplo katika vita hivyo hivyo. Upande huo huo wa baba yake. Aliporudi walimpa blanketi na kofia. Baada ya mwezi wakaja kuidai kofia."

Noreen alicheka, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki. Tangu siku hiyo alimwita Koplo. Bahizire naye alizoea kuiita ile nyumba nyumba ya baba. Alisema imepotea njia miaka sabini, lakini imefika. Alipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, mbele na maharage nyuma, akatengeneza upya milango yote iliyolia. Alisema hatatoka tena mle kwa miguu yake.

Mwaka 2020, ugonjwa ulipoingia duniani, mguu wake wa kushoto ulianza kumkataa. Mwaka uliofuata mkono nao ukawa mzito. Kula alikula, kusema alisema, lakini kuinama, kuvua nguo na kuruka ukingo wa beseni la kuogea vilimshinda. Na hapo ndipo mambo ya kwetu na mambo ya hapa yalipogongana.

Trésor anaendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany. Anatoka kabla ya alfajiri na kurudi mzee amekwisha kulala, kwa hiyo alimwogesha baba yake Jumapili tu, kabla ya ibada. Clarisse yeye anafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Auburn. Kila asubuhi anawaogesha wazee wa watu. Anajua namna ya kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza, anajua kuongea naye habari za mvua ili asione haya. Lakini mkazamwana haoni mwili wa baba mkwe wake. Hata jina lake Bahizire hakulitamka; alimwita mama, kwa heshima, naye Clarisse hakupita mbele yake bila kujifunga kitenge. Mwanamke anayejua kazi ile kuliko wote Smithfield alikuwa ndani ya nyumba, na mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwake. Nilimsikia akisema kwa uchungu kwamba laiti angekuwa mgeni.

Daktari ndiye aliyewaambia kwamba serikali inao watu wa kuja majumbani kuwaogesha wazee, wanaume kwa wanaume, wa kulipwa na serikali yenyewe. Bahizire alifurahi kama aliyesikia posa imekubaliwa. Mwanamume mgeni, asiye wa ukoo, asiye wa kanisa, aje na kwenda zake. Alitaka hicho tu. Akikipata, angekaa katika nyumba ya baba mpaka siku yake. Asipokipata, wote tulijua kinachofuata, kwa sababu Clarisse alikuwa akikiona kila siku kazini: kitanda chenye vyuma na mlango wa kufunguliwa kwa namba.

Wakasema atakuja mkaguzi wa kumpima anahitaji nini.

Noreen, ambaye alikwisha kukaguliwa na kupewa msichana wa kumwogesha, alikuja kumpa maarifa. Alisema wakija, usioge. Usichane nywele. Yeye aliwapokea na gauni la kulalia, akawaacha wagonge mpaka wakachoka. Waambie siku yako mbaya kuliko zote, alisema, na uwaambie kila siku ndiyo hiyo.

Bahizire alimshukuru, na alipoondoka akaniambia, "Shemeji, huyu mama mwema ananifundisha kuomba omba."

Siku ya mkaguzi ilikuwa mwezi wa nne, 2021, wakati tulipodhani ugonjwa umetupitia. Clarisse aliomba ruhusa kazini. Mimi nilifika mapema kumsaidia. Tulipiga deki mpaka chini ya makochi. Tulipika mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, wali na bugali, kwa sababu mgeni anayetoka serikalini hapokewi na chai tupu. Bahizire alikuwa amenyolewa tangu Jumapili. Alivaa suti ya posa, viatu vinang'aa, na kile chuma cha kutembelea alichopewa hospitali aliagiza kifichwe nyuma ya nyumba, kisimtishe mgeni.

Mkaguzi alikuwa binti mzungu mpole, mwenye kompyuta ya kubeba mkononi. Bahizire alimpokea mlangoni akiwa wima. Hakuna aliyeona jinsi alivyofika pale: alijivuta kwa kabati, akajivuta kwa kiti, akajivuta kwa fremu ya mlango, na jasho likamtoka chini ya koti. Yeye mgeni aliona mzee amesimama anatabasamu. Akaandika.

Kisha akaweka simu mezani ili mkalimani asikike. Sauti ya kike ikasema kwa Kiswahili kwamba yatakayosemwa yote ni siri, na kwamba yeye hataji jina lake, ana namba tu.

Bahizire aliinua kichwa. "Divine," akasema. "Mume wako anakula?"

Mkaguzi akauliza mzee amesema nini. Divine, ambaye Bahizire alikuwa ameigonga fimbo kwa ajili yake miaka miwili nyuma, mbele ya baba yake na wajomba zake wote, alitafsiri kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Kwa haki akaeleza kwamba anamfahamu mzee huyu, na kama mzee akipenda, anaweza kutafutiwa mkalimani mwingine.

"Nimkatae mtoto niliyemwoza? Atasema nini nyumbani kwao?"

Basi wakaendelea. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi: kula, kulala, kukumbuka siku. Halafu yakashuka. Je, anaweza kuvua suruali mwenyewe? Je, anawahi chooni? Je, kitanda huwa kinalowa? Nani anamwogesha? Divine aliyazungusha maneno kama mtu anayezunguka shimo gizani.

"Papa, wanauliza kama... mambo ya bafuni yanaendelea?"

Clarisse alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mzee hakututazama. Alijinyoosha ndani ya koti lake.

"Mwambie mgeni yanaendelea. Bafu ni langu, naijua njia yake."

Mkaguzi akauliza mara ya pili, kwa upole, kama kweli hakuna jambo linalomshinda. Mtu aliyekuwa akifungua midomo ya familia nzima nzima alijibu kwamba hakuna, asante, serikali imekwisha kufanya mengi. Hapo akaomba chakula kiletwe. Yule binti alikula vizuri, akasifu sombe, akauliza ni majani gani. Alipoondoka alimshika Bahizire mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema laiti wazee wote wangekuwa hivi.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Walimpa mtu wa kupiga deki mara mbili kwa mwezi, na nafasi katika mazoezi ya viungo ya wazee.

Mtu wa deki, katika nyumba ambayo tulipiga deki mpaka chini ya makochi. Trésor alikasirika, na mara ya kwanza katika maisha yake alimpandishia baba yake sauti. Alisema nchi hii haitoi kwa anayeficha. Alisema, "Baba, hapa aibu ndiyo kadi ya kuingilia." Mzee alimjibu kwamba hawezi kumwita tena mgeni aliyekula chakula chake ili amwambie nilikudanganya. Walinuniana mpaka Juni. Mwishowe baba alilegea, kwa sababu alikuwa ameanza kunuka naye alijijua. Akakubali mkaguzi aje tena, mkalimani awe mwanamume, mtu wa mbali. Tarehe ikapangwa, mwezi wa saba.

Kabla ya tarehe hiyo mji ulifungwa.

Wasomaji wa mbali labda hawajui namna ulivyofungwa. Haukufungwa wote sawa. Sisi wa magharibi, wa wilaya yetu ya Fairfield na huku kwote wanakokaa watu wa makontena, maghala na nyumba za wazee, tulifungwa kwa kufuli jingine. Helikopta zilikuwa juu ya mapaa. Kuvuka kwenda kazini ni mpaka upimwe pua, tena na tena. Halafu jioni unafungua televisheni, unaona watu wa mashariki wamejaa baharini, wanaoga kwa raha zao. Bahizire aliwatazama watu wale wakimwagiwa maji na mawimbi. Akaomba tubadilishe chaneli.

Tarehe ya mkaguzi ilifutwa. Wakasema majumbani hawaingii kwa sasa, watapiga simu. Simu haikuja.

Mwezi wa nane Trésor alipimwa bandarini akakutwa na ugonjwa. Hakurudi nyumbani, gari la hospitali lilimchukua moja kwa moja mpaka hoteli ya kutengwa. Huko, niseme ukweli, alilala kwa shuka safi na kula mara tatu bila kulipa chochote, na mshahara wa siku alizokosa serikali ilimfidia. Nchi aliyozaliwa isingempa hata kidonge. Lakini Jumapili ya mzee ilikuwa imeondoka naye. Na wale wa nyumbani, kwa kuwa walilala naye paa moja, waliamriwa wasitoke hata uani.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Polisi, na pamoja nao wanajeshi wawili wamevaa madoa madoa. Clarisse alinipigia simu baadaye akanisimulia. Bahizire alipoziona zile nguo dirishani hakuuliza kitu. Aliwasukuma wajukuu wake chini ya kitanda, akasimama mbele ya kitanda hicho na fimbo yake. Watoto waliokulia Smithfield, ambao hawajawahi kusikia risasi, walikaa chini ya kitanda wakamsikia babu yao akipumua. Kumbe wanajeshi walikuja kuhakikisha wamo ndani tu. Wakawahesabu, wakaacha sanduku la chakula kizingitini, wakaaga kwa adabu. Ndani ya sanduku mlikuwa na makaroni, njegere za kopo na sabuni ya kuogea.

Nadhani ile sabuni ndiyo iliyomchokoza.

Kesho yake mchana, Clarisse akiwa anawasomesha watoto kwenye skrini, mzee aliingia bafuni akajifungia kwa komeo. Alilitengeneza komeo lile yeye mwenyewe. Clarisse alisikia maji yanakimbia, halafu akasikia kishindo ambacho kwa kazi yake alikifahamu. Akakimbia. Akashika mlango.

"Usifungue," mzee alisema kutoka ndani. "Mama, nakuomba. Usifungue."

Clarisse alipiga simu ya ambulensi. Wakamwuliza kama amemwona mgonjwa. Akasema hapana. Wakamwuliza kwa nini hajamwona na yuko naye nyumba moja. Huyu mwanamke anazungumza Kiingereza cha kazini vizuri kabisa, lakini neno la kuwajibu hakulipata. Wakasema watakuja, magari ni machache. Akakaa sakafuni upande huu wa mlango. Maji yalikuwa yanatoka kwa chini, baridi, yakamlowesha. Alimwongelesha habari za mvua kama anavyowaongelesha wazee wa Auburn, naye alijibu kwa "mm" na "mm", kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alipoacha kujibu, Clarisse alichukua patasi katika sanduku la vyombo vya mzee mwenyewe, akaling'oa komeo. Aliingia amefumba macho, blanketi limetandazwa mikononi, akapapasa kwa mguu mpaka alipomgusa, akamfunika. Kisha akamshika kichwa, akamwinua kutoka majini, macho bado yamefumbwa. Wale wa ambulensi walimkuta hivyo. Mmoja alidhani anasali.

Hospitali walimtengeneza nyonga siku ile ile. Waliweka chuma kipya, kizuri, ambacho Koplo Mushagalusa hangekipata hata kama angeufukuza ufalme wote wa Italia. Hakuna aliyetuuliza kuhusu malipo. Wala hakuna aliyeruhusiwa kuingia kumwona.

Mkaguzi wa pili alikuja kwa simu, akimkagua mzee kitandani hospitalini. Clarisse aliunganishwa kutoka nyumbani, na mimi nilikuwa nikisikiliza kwa simu ya pili. Mkalimani alikuwa mwanamume, Mtanzania wa mji mwingine. Walipoanza maswali, mzee alianza na yale yale. Yanaendelea. Asante. Mimi sijambo.

Clarisse alimkatiza. Mkazamwana kumkata baba mkwe maneno. Sijawahi kuyasikia kabla ya siku ile. Alisema kwamba hawezi kujiogesha. Alisema hafiki chooni kwa wakati, anafua shuka kila asubuhi naye mzee anajifanya amemwaga maji ya kunywa. Alisema kwamba alikaa mwaka mzima bila kuogeshwa ila Jumapili. Alitaja kila kitu kwa jina lake, kwa mpangilio, kama anavyoandika kazini mwisho wa zamu. Mkalimani alikuwa akitafsiri.

Safari hii walimpa daraja la juu kabisa: mtu wa kumwogesha kila siku, mwanamume, nyumbani kwake. Tulishangilia. Kisha wakaeleza kwamba daraja amepewa, lakini mtu bado. Kuna foleni. Miezi, labda zaidi. Na hospitali ilihitaji kitanda, na bila mtu wa kumhudumia haruhusiwi kurudi nyumbani. Kwa hiyo aende kwanza nyumba ya wazee, kwa muda tu.

Kwa muda wote huo Bahizire alikataa kuzungumza na Clarisse. Trésor alipopona na kupiga simu, mzee aliongea naye. Wajukuu aliongea nao. Simu ikifika kwa Clarisse, mzee alikuwa amechoka.

Ile nyumba ya wazee, ambayo sitaitaja, ilikuwa safi na ilinukia maua ya chupa. Alibahatika kitu kimoja pale: mwogeshaji wake alikuwa Mkenya, kijana wa Kikuyu anayeitwa Kinuthia. Mwanamume mgeni, asiye wa ukoo, asiye wa kanisa. Alikipata kile alichokitaka, ila mahali asipopataka. Walitaniana toka asubuhi. Mzee alimwambia Kiswahili chake kimevaa kaptula. Kinuthia akamwambia cha kwake kimevaa suti ya marehemu.

Baada ya mwaka mpya ugonjwa ulirudi na sura nyingine, ukaingia katika zile nyumba. Milango ikafungwa tena. Tuliruhusiwa kusimama nje ya dirisha. Siku tuliyokwenda, tulikuwa Trésor, Clarisse na mimi, juani, katikati ya maua yao, simu sikioni. Kinuthia alikuwa ndani, amevaa plastiki mpaka kichwani, ameshika simu ya mzee. Bahizire alikuwa amepungua. Ndevu zilikuwa zimenyolewa vizuri.

Aliuliza kuhusu foleni. Trésor alimwambia amepiga simu tena, bado hawajampata mtu. Mzee akauliza kama kweli majembe yanaweza kukosekana katika nchi yenye chuma kingi hivi. Hakungoja jibu. Akauliza lengalenga linamwagiwa maji na nani. Noreen, tulisema. Akatazama ng'ambo ya kioo, mahali ambapo palikuwa na maegesho ya magari tu.

Halafu akasema apewe Clarisse simu. Clarisse aliishika kwa mikono miwili, sauti imefunguliwa tusikie sote, na kuinamisha macho.

"Fimbo yangu iko nyuma ya mlango wa jikoni," alisema. "Ichukue."

"Nikuletee, baba?"

"Iwe yako."

Clarisse alitutazama sisi, kisha akasema polepole kwamba yeye ni mwanamke.

"Nimeona. Nimewasemea watu maisha yangu yote, na haja yangu mwenyewe ilinikaa kooni mbele ya mtoto niliyemwoza. Wewe ulisema. Nilikuchukia, lakini ulisema. Ungekuwa umesema mwezi wa nne, ningekuwa nyumbani kwa baba." Akapumzika, Kinuthia akamsogezea maji. "Sasa sikiliza. Juma lijalo mkaguzi anakwenda kwa Faida. Mtazame hapo alipo. Amekwisha kununua mbuzi."

Nilitazama maua. Mbuzi alikuwa kwenye friji tangu Jumatano.

"Nenda kabla mgeni hajafika," aliendelea. "Zima jiko. Mvue kitenge hicho kizuri, avae kile cha kufagilia. Mgeni akiingia, gonga fimbo chini, halafu useme wewe. Magoti yake, kibofu chake, na gesi anayosahau kuifunga. Useme yote. Yeye anyamaze, akasirike baadaye. Ukitoka kwake, nenda kwa mwingine. Wazee wetu wamejaa mpaka Auburn, na kila mmoja ana suti kabatini. Umenielewa, Clarisse?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Alijibu kwamba ameelewa. Kisha, kwa kuwa amelelewa vizuri, akauliza mgeni atapewa nini basi, maana hawezi kuondoka hivi hivi.

"Maji," alisema Bahizire. "Akishafika barabarani, washa jiko."